Kufufua, kuhuisha, kurejesha: namna ya kuchagua neno la Kiingereza linalofaa

Kitenzi "kufufua" kimebeba mzigo mkubwa katika Kiswahili. Tunafufua viwanda, tunafufua mradi uliolala, tunafufua kesi ya zamani, tunafufua matumaini, na wafu nao hufufuliwa. Ukifungua kamusi kutafuta neno la Kiingereza la kulingana nacho, unakutana na msururu: "revive", "resurrect", "resuscitate", "rekindle", "restore", "renew", "reactivate", na bado orodha inaendelea. Kamusi nyingi huyapanga pamoja kama visawe. Lakini ukiyachukua kiholela, msomaji anapata picha usiyoikusudia. Andika "we resuscitated our friendship" na msomaji ataelewa, ila picha atakayoipata ni ya urafiki uliolazwa mahututi hospitalini.

Mwongozo huu ni wa mtu anayeandika Kiingereza kwa kazi au masomo: ripoti, barua, tafsiri, habari. Njia ninayoipendekeza ni moja, nayo inasaidia karibu kila mara. Kabla hujatafuta neno, jiulize kile kitu kilikuwa katika hali gani kabla hakijarudi. Kilikufa? Kilizimia? Kilipoa kama makaa? Kilichakaa? Kilisimamishwa kwa amri? Kiliisha muda wake? Kiingereza huchagua kitenzi kwa kutazama hali hiyo ya mwanzo. Ukishaijua, maneno mengi kwenye ule msururu yanajiondoa yenyewe.

Hatua ya 1: Andika hali ya mwanzo kwa maneno yako

Chukua sentensi yako ya Kiswahili, ondoa neno "kufufua" na badala yake eleza kilichokuwapo. "Tumefufua kamati ya shule" inaweza kuwa: kamati ilikuwapo kwenye karatasi lakini haikutani. Au: kamati ilivunjwa rasmi, sasa imeundwa tena. Au: kamati ilikuwa likizo, sasa imerudi mezani. Kwa Kiswahili zote tatu zinapita chini ya neno moja. Kwa Kiingereza ya kwanza ni "revived", ya pili ni "re-established", na ya tatu ni "resumed its meetings". Mkuu wa shule akisoma "re-established" atauliza kwa nini hakuarifiwa kwamba kamati ilivunjwa.

Usiiruke hatua hii hata kama una haraka. Makosa mengi ninayoyaona katika tafsiri yanaanzia hapa, mwandishi anapokimbilia kamusi kabla ya kujua anachotaka kusema.

Hatua ya 2: Kama ni mtu au kiumbe hai, pima umbali wake na kifo

Hapa ndipo pa kuwa makini kuliko kwingine kote, kwa sababu neno lisilofaa linaweza kumuua mtu aliye hai kwenye karatasi.

Mtu aliyezimia kisha akazinduka mwenyewe "came round" au "came to". La kwanza linasikika zaidi Uingereza, la pili linaeleweka kote. Kwenye maandishi rasmi, kama ripoti ya ajali, andika "regained consciousness". Mtu mwingine akimzindua, kwa kumpepea au kumnyunyizia maji, alimfanya "revive": "They revived her with cold water." Unaweza pia kusema "they brought her round", ila angalia muktadha, kwa kuwa "bring someone round" ina maana ya pili ya kumshawishi mtu hadi akubaliane nawe. Sentensi kama "We finally brought the director round" itasomwa kwamba mkurugenzi alikuwa mbishi akalegea, wala hakuna atakayefikiri alizimia.

"Resuscitate" ni zito zaidi. Ni neno la tiba, na linamhusu mtu ambaye moyo wake umesimama au pumzi imekatika. Ndilo lililomo katika kifupi CPR, yaani huduma ya kumkandamiza kifua na kumpulizia pumzi mtu ambaye moyo wake umesimama, herufi ya mwisho ikisimama kwa "resuscitation", na ndilo lililomo katika agizo la hospitalini la DNR, yaani mgonjwa asiamshwe moyo wake ukisimama. Historia yake inasaidia kulikumbuka. Mwaka 1774 iliundwa London jumuiya ya kuwasaidia watu walioonekana kufa maji, wakati ambapo wengi waliamini kwamba mtu akishatolewa majini hana pumzi, hakuna la kufanya ila kumzika. Jumuiya hiyo ndiyo baadaye ikaitwa Royal Humane Society. Basi kila unapoandika "resuscitate", fikiria mtu aliyetolewa majini bila pumzi. Kama hali haikufika huko, tumia "revive".

Kuna jambo moja zaidi kuhusu neno hili. Katika habari za Kiingereza, "doctors tried to resuscitate him" mara nyingi ni namna ya staha ya kutangaza kwamba alifariki. Msomaji akikutana na "tried", anajiandaa kwa msiba. Kama mtu alipona, sema wazi: "He was resuscitated and taken to hospital." Na kitenzi hiki kinahitaji mtendaji na mtendwa. Usiandike "the patient resuscitated".

Sasa "recover", neno linalowaangusha wengi. Mgonjwa mwenyewe ndiye anaye-"recover": "She recovered in a week." Daktari hawezi ku-"recover" mgonjwa. Ukiweka mtendwa baada ya kitenzi hiki, maana inageuka kuwa kupata tena kilichopotea: fedha, simu, mali iliyoibwa. Na kama mtendwa ni mtu, sentensi inakuwa mbaya zaidi. "Divers recovered him from the lake" itasomwa kwamba wazamiaji waliopoa maiti. Ukitaka kusema alitolewa akiwa hai, neno ni "rescued". Familia inayosoma taarifa kama hiyo itaumia bure kwa ajili ya kitenzi kimoja.

Kwa aliyekufa kweli, Kiingereza kina "rise" na "raise", na watu huyachanganya kwa sababu yanafanana. "Rise" anafanya mtu mwenyewe: "rise, rose, risen". "Raise" inafanywa na mwingine: "raise, raised, raised". Yesu "rose from the dead". Lazaro "was raised from the dead", kwa kuwa alifufuliwa na mwingine. Salamu ya Pasaka "He is risen" imebaki na "is" kutoka Kiingereza cha kale. Iache kama ilivyo, lakini usiitumie kama kielelezo cha sentensi zako. Ukisoma Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 utakutana pia na "quicken", maana yake kuhuisha. Wakati ule "quick" lilikuwa bado linatumika kwa maana ya "hai", na ndiyo sababu kanuni ya imani inataja "the quick and the dead": walio hai na wafu. Leo "quicken" ni kuongeza kasi tu.

"Resurrect" kama kitenzi ni kijana kuliko nomino yake "resurrection". Nomino ilitangulia kwa karne nyingi, ikihusu ufufuo wa dini. Kitenzi kilikatwa kutoka kwenye nomino hiyo katika karne ya 18. Wakati huo Uingereza ilikuwa na wezi wa maiti waliofukua makaburi usiku na kuwauzia walimu wa udaktari, na watu waliwaita "resurrection men". Biashara hiyo ilidhoofika baada ya sheria ya mwaka 1832 kuwapa madaktari njia halali ya kupata miili. Leo kitenzi hiki kinatumika kwa yale yaliyokwisha kuzikwa, kwa uhalisi au kwa mfano: "The party resurrected a plan that everyone had forgotten." Kinabeba mshangao kidogo, na mara nyingine lawama: kwa nini mmelifukua jambo hili? Kama mpango wako ni mzuri na unataka bodi iupende, "revive" ni rafiki kuliko "resurrect".

Kwa mimea na viumbe vidogo, "revive" inatosha. Mmea ulionyauka ukimwagiwa maji "revives", au kwa lugha ya nyumbani "perks up". Wanasayansi nao wanalitumia: mwaka 1983 ukoga ulikusanywa Antaktika ukahifadhiwa kwenye barafu, na mwaka 2014 watafiti wa Japani wakavikuta humo vijidudu vinavyoitwa tardigradi, wakavipa maji, vikaanza kutembea tena. Ripoti za Kiingereza zilisema "revived", kwa kuwa vilikuwa vimelala na uhai wao haujatoka. Mbegu ni habari nyingine. Ile mbegu ya mtende ya kama miaka 2,000 iliyopatikana Masada, ngome ya kale huko Israeli, ikapandwa mwaka 2005 na ikaota, "germinated" au "sprouted". Mbegu haikufa wala haikuzimia, ilikuwa inangoja.

Mnyama aliyetoweka duniani ni kundi la peke yake. Mbuzi-mwitu wa milima ya Pyrenees alitoweka mwaka 2000. Mwaka 2003 wanasayansi wakafanikiwa kuzalisha mmoja kutoka kwenye seli zilizohifadhiwa, akaishi dakika chache tu kwa sababu ya hitilafu ya mapafu. Hapo Kiingereza husema "brought back from extinction", na mradi wa aina hiyo huitwa "de-extinction". "Revive" ingekuwa dhaifu, maana mnyama mwenyewe hakuwapo tena wa kuzinduliwa.

Hatua ya 3: Kama ni jambo la moyo, tafuta neno la moto

Mapenzi, urafiki, hamu, matumaini na ugomvi vinakwenda na lugha ya moto. "Kindle" ni kuwasha moto kwa vijiti vidogo, taratibu. Kwa hiyo "rekindle" inafaa kitu kilichopoa polepole na kinachorudi polepole: "They rekindled their friendship", "The trip rekindled her interest in music." Ina upole ndani yake. Ndiyo neno la kumwandikia rafiki wa zamani.

"Reignite" ni ya mlipuko. Vita, mjadala, hasira, ushindani: "The remark reignited the dispute." Mtu akiandika kwamba mkutano ulifanya "reignite our love", msomaji anahisi cheche kali kuliko ilivyokusudiwa. Pale ambapo moto haukuzimika bali umeongezewa kuni, tumia "stoke" au "fuel", na mara nyingi haya huandamana na mambo mabaya: "stoke fears", "fuel anger".

Hatua ya 4: Desturi, lugha, uchumi, mtaa, timu

Hapa "revive" ndiyo mfalme. Inachukua desturi iliyoachwa, sheria iliyosahaulika, tamthilia ya zamani, kampuni inayodorora. Tena inaweza kusimama bila mtendwa: "Trade revived after the war." Ukikwama kabisa, mahali pengi katika hatua hii "revive" haitakuangusha. Nomino yake "revival" ina matumizi mawili ya kuyafahamu: katika tamthilia ni igizo la zamani lililorudishwa jukwaani kwa maandalizi mapya, na kanisani ni uamsho.

"Revitalise" ina "vita" ndani yake, neno la Kilatini la uhai, lakini haidai kwamba kitu kilikufa. Kilikuwa kinaishi, ila kimeishiwa nguvu. Wataalamu wa lugha wanatofautisha maneno haya mawili kwa makini, na tofauti yao ni kipimo kizuri. Kiebrania kwa karne nyingi hakikuwa lugha ya mama ya mtu yeyote, ingawa kilisomwa na kusaliwa; tangu mwishoni mwa karne ya 19 watu walianza kukizungumza tena nyumbani na watoto wao. Hiyo ni "revival". Kimaori nchini New Zealand kilikuwa na wasemaji, ila watoto walikuwa hawajifunzi tena. Mwaka 1982 zikaanzishwa shule za awali ambako wazee walikaa na watoto wakizungumza Kimaori tu. Hiyo ni "revitalisation". Ukiita juhudi za lugha yenye wasemaji hai "revival", wenye lugha wanaweza kukasirika, na wana haki: umewatangaza marehemu.

"Regenerate" hutumika Uingereza kwa maeneo ya miji yaliyochakaa, kwa maana ya kujenga, kuleta ajira na kuleta watu, na katika biolojia kwa kiungo kinachoota tena, kama mkia wa mjusi. "Rejuvenate" imetoka kwenye neno la Kilatini la ujana. Inafaa ngozi, timu iliyozeeka iliyopata wachezaji vijana, au mtu aliyerudi mapumzikoni akijihisi mwepesi: "I came back rejuvenated." Usiitumie kwa kitu kilichosimama kabisa. Kiwanda kilichofungwa huwezi kuki-"rejuvenate", maana hakuna uzee pale, kuna kufuli.

Je, "resuscitate" inaweza kutumika kwa uchumi? Ndiyo, waandishi wa habari hufanya hivyo, na inakubalika pale unapotaka msomaji ahisi kwamba hali ilikuwa ya kufa na kupona. Itumie mara moja katika makala, si zaidi.

Hatua ya 5: Majengo na vyombo vilivyochakaa

"Restore" ni kurudisha kama kilivyokuwa. "Renovate" ni kufanya kipya, na inaruhusu mabadiliko: madirisha mapya, jiko jipya, rangi tofauti. "Refurbish" ni kusafisha na kupamba upya, hutumika sana kwa ofisi, hoteli, na siku hizi kwa simu na kompyuta zilizotumika zikatengenezwa na kuuzwa tena.

Tofauti ya "restore" na "renovate" inaweza kuwa ya kisheria. Ukiwaambia wenye jengo la kihistoria kwamba utali-"renovate", wanaweza kukunyima kibali. Ngome ya Windsor iliungua Novemba 1992, na kazi iliyomalizika mwaka 1997 huitwa "restoration", ingawa vyumba vichache vilijengwa kwa mtindo mpya. Jina hilo linatangaza nia: kurudisha kilichokuwapo.

"Restore" inakwenda pia na umeme, utulivu, imani, macho, na hata ufalme. Waingereza waliporudisha kiti cha enzi kwa Charles II mwaka 1660, kipindi hicho kikaitwa "the Restoration". Kwa hiyo umeme ukikatika na kurudi, "power was restored". Si "revived" wala "returned back".

Hatua ya 6: Kilichosimama, kilichosimamishwa, kilichoisha muda

Kundi hili halina kifo wala ugonjwa. Ni mambo ya ofisini, na maneno yake ni makavu lakini hayabadilishani.

Mazungumzo, safari za ndege, masomo yaliyokatishwa kisha yakaendelea: "resume". "Classes resumed on Monday." Nomino yake ni "resumption", yenye p ambayo wengi wanaisahau. Usilichanganye na "résumé", ambalo Marekani ni wasifu wa mwombaji kazi. La kwanza hutamkwa "ri-zyum", la pili "re-zu-mei".

Leseni, pasipoti, mkataba, uanachama: "renew", kama muda wake umefika au unakaribia kufika. Lakini bima iliyokufa kwa sababu hukulipa haifanyiwi "renew" bali "reinstate". Neno hilohilo ndilo la mfanyakazi aliyesimamishwa kisha akarudishwa kwenye cheo chake: "She was reinstated." Linabeba maana kwamba haki yake imerudi, kwa hiyo usilitumie kwa mtu aliyeajiriwa upya kwa mkataba mpya, huyo ni "rehired".

Akaunti au kadi iliyozimwa: "reactivate". Kompyuta iliyoganda: "restart" au "reboot". Hapa simama na usome mara mbili, kwa sababu "reset" si ndugu wa hayo mawili. "Restart" inazima na kuwasha, data zako zipo. "Factory reset" inarudisha kifaa kilivyotoka kiwandani na kufuta ulivyoviweka. Ukiandika maelekezo kwa wateja na ukaweka "reset" mahali pa "restart", kuna mtu atapoteza picha zake zote.

Hatua ya 7: Nahau, na moja inayodanganya

"Bring back to life" ni kurudisha uhai. "Bring to life", bila "back", ni jambo jingine: kufanya kitu kionekane hai na kivutie. Mwigizaji "brings a character to life". Mwalimu mzuri "brings history to life". Hakuna aliyekufa. Ukiongeza "back" kwenye sentensi ya mwalimu, itaonekana kwamba somo lilikuwa hai, likafa, akalirudisha, na pengine mwalimu aliyemtangulia atajiuliza anasemwa nani.

"Breathe new life into" inafaa mradi uliochoka unaopata mawazo mapya. "A new lease of life" husemwa juu ya mtu aliyepata nguvu baada ya ugonjwa au gari lililotengenezwa likawa la kutumika tena. Wamarekani husema "on life". Mwanamichezo au mwanamuziki anayerudi "makes a comeback". "Jump-start" asili yake ni kuwasha gari lenye betri iliyoisha kwa nyaya kutoka gari jingine, na kwa mfano hutumika kwa mazungumzo au uchumi unaohitaji msukumo wa nje. Nahau hizi ni nzuri kwenye hotuba na makala. Kwenye mkataba au ripoti ya ukaguzi, ziache.

Hatua ya 8: Safisha sarufi

Kiambishi "re-" kimeshabeba maana ya "tena". Basi "revive again" na "resume back" ni kurudia jambo moja mara mbili. Futa "back", na "again" iache tu kama kweli ni mara ya pili. 

Kistari nacho kina uzito. "Resign" ni kujiuzulu, "re-sign" ni kusaini tena. Mchezaji aliye-"re-signed" amebaki klabuni, aliye-"resigned" ameondoka. Vivyo hivyo "recover" na "re-cover", ambalo la pili ni kuvalisha kiti kitambaa kipya.

Tahajia ya "resuscitate" ina s-c katikati, na mkazo uko kwenye silabi ya pili: "ri-SA-si-teit". Kwa "revitalise" na wenzake, Marekani huandika z, Uingereza hukubali zote mbili. Chagua moja ushikamane nayo hadi mwisho wa waraka.

Hatua ya 9: Jaribu kwenye aya nzima

Chukua aya hii, ambayo inaweza kutoka kwenye ripoti ya chama chochote: "Chama kilikuwa kimelala miaka mitano. Mwaka huu wanachama wamekifufua, wamehuisha usajili kabla haujaisha, wamekarabati ofisi, wamemrudisha mwenyekiti aliyesimamishwa, mikutano ya kila mwezi imeanza tena, na ari ya wanachama imefufuka."

Twende pole pole. Chama kilikuwa kimelala, hakikufutwa, kwa hiyo "revived". Usajili ulikuwa haujaisha, kwa hiyo "renewed". Ofisi: muulize mwandishi kama walirudisha jengo lilivyokuwa au walibadilisha, tuseme walipaka rangi na kuongeza chumba, basi "renovated". Mwenyekiti alirudishwa kwenye cheo chake, "reinstated". Mikutano ilikatika ikaendelea, "resumed". Ari ni jambo la moyo, na ilipoa taratibu kwa miaka mitano, kwa hiyo "rekindled".

Inatoka hivi: "After five dormant years, members have revived the association, renewed its registration, renovated the office and reinstated the suspended chairperson. Monthly meetings have resumed, and members' enthusiasm has been rekindled."

Angalia sehemu mbili za aya hiyo. Kwanza, "kufufua" ya Kiswahili imetokea mara mbili na kupata maneno mawili tofauti, kwa sababu chama na ari havikuwa katika hali moja. Pili, "resumed" imesimama bila mtendwa ilhali "rekindled" imekuja katika hali ya kutendwa, "has been rekindled". Ungeandika "enthusiasm has rekindled", baadhi ya wasomaji wangeikubali, lakini katika ripoti rasmi namna ya kutendwa ni salama zaidi.

Ukibaki na shaka juu ya neno moja, fungua kamusi ya Kiingereza iliyoandikwa kwa ajili ya wanaojifunza, kama ya Oxford, Cambridge au Longman. Zote zipo mtandaoni bila malipo. Ruka maana, nenda moja kwa moja kwenye sentensi za mfano, na utazame nomino zinazokuja baada ya kitenzi. Kama kwenye mifano ya "rekindle" hukuti ofisi, leseni wala barabara, nawe usiviweke hapo.